Kusikiliza samaki chini ya bahari: mwongozo kwa anayeanzia Dar es Salaam

Maswali ni yaleyale: ninunue kifaa gani, nikishushe wapi, na je, kitaniambia kuna samaki wangapi pale kisiwa cha Mbudya? Wanaouliza ni wanafunzi wa sayansi za bahari, wazamiaji, wanachama wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia mwalo na uvuvi), na siku hizi hata manahodha. Nimeona niyajibu mahali pamoja.

Nianze na la mwisho, maana ndilo linalopotosha wengi. Haidrofoni, yaani maikrofoni ya majini, haihesabu samaki. Inasikia wale wanaotoa sauti, na wengine wamenyamaza hapohapo pembeni. Kazi yake hasa ni kulinganisha: sehemu ileile, kifaa kilekile, saa zilezile, mwezi huu na mwezi ujao, mwaka huu na mwaka kesho. Ukilishika hilo, hata kifaa cha bei ya chini kitakupa kitu cha maana. Ukilipuuza, utajaza diski faili zisizojibu swali lolote.

Pia usichanganye na kile kioo cha kutafutia samaki kinachofungwa kwenye boti. Kile hutuma mlio na kupokea mwangwi, na ndiyo njia inayotumiwa na meli kubwa za utafiti kama Dr. Fridtjof Nansen, iliyopima maji ya Tanzania mwaka 2018. Hapa hatutumi mlio wowote. Tunasikiliza tu.

Nadharia haitazidi aya hii. Sauti majini husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Samaki wengi hutoa sauti kwa misuli inayotikisa mfuko wa hewa, ule ambao wa sangara huuzwa kwa jina la bondo. Wengine husaga meno au kukwaruza miiba ya mapezi. Mvuvi yeyote aliyewahi kumtoa hongwe au kikande majini ameshasikia mkoromo wake. Sauti hizi nyingi ziko chini ya hezi 2,000 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), na sehemu kubwa iko kati ya hezi 100 na 1,000. Nguru hana mfuko huo, kwa hiyo usimtegemee akuimbie.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Chagua njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni haidrofoni yenye waya, iliyochomekwa kwenye rekoda ya mkononi, unayoishusha ukiwa botini. Ni njia ya kujifunzia masikio. Ya pili ni rekoda inayojitegemea, unayoizamisha na kuiacha wiki kadhaa. HydroMoth ni ya bei ya chini katika kundi hili. SoundTrap ni ghali zaidi, na huja na kipimo cha usikivu wake. Ufuatiliaji wa kweli unafanywa kwa njia ya pili. Kama fedha inatosha kifaa kimoja tu, nunua rekoda ya kuzamisha, na uazime yenye waya.

Vingine:

- kadi ya kumbukumbu ya GB 64 au zaidi, na ya akiba
- betri mpya za aina moja. Usichanganye mpya na zilizotumika
- hedifoni za kufunika sikio lote (za kuchomeka sikioni hazikupi sauti nzito vizuri)
- kamba ya nailoni, chelezo kidogo, na mzigo wa zege au risasi wa kilo 15 hadi 20
- vipande vya mpira wa tairi la ndani, na vibano vya plastiki
- simu yenye GPS, daftari na penseli (kalamu ya wino haipendi maji ya chumvi)
- jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Dar es Salaam
- kompyuta yenye Audacity au Raven Lite, zote za bure

Na kibali. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, na Sinda, Makatube na Kendwa pia yako chini ya MPRU, Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Huwezi kuzamisha kifaa huko kwa maelewano na nahodha tu. Peleka barua MPRU, ueleze ni kifaa gani, wapi na kwa muda gani. Mgeni kutoka nje ya nchi aanzie COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Nje ya maeneo hayo, nenda kwa mwenyekiti wa BMU wa mwalo husika, Kunduchi, Ununio, Msasani au kokote utakakofanyia kazi, na ueleze ana kwa ana. Hatua hii wengi huiruka, kisha hushangaa kifaa kimetoweka. Mvuvi akikuta kamba ngeni kwenye mwamba anaovua kila siku, atahisi umetega dema kwenye eneo lake au umeletwa kumchunguza. Mpe hedifoni asikilize mwenyewe, na maneno yatapungua.

Hatua kwa hatua

1. Andika swali lako kwa sentensi moja. "Nataka kujua hali ya samaki Dar" si swali. "Je, mlio wa jioni kwenye mwamba wa ndani ya eneo tengefu unazidi ule wa mwamba wa nje wenye kina kilekile?" ni swali. Likikushinda kuandika, usiende baharini bado.

2. Chagua mahali. Tafuta kina cha mita 8 hadi 12 maji yakiwa yamekupwa. Kina kifupi mno hukata sauti nzito, na hizo ndizo za samaki. Kikizidi hapo, uzamiaji unakuwa mgumu na ghali. Kaa mbali na njia ya meli zinazoingia bandarini na ya boti za Zanzibar. Kaa mbali pia na njia ya boti za watalii za Bongoyo na Mbudya, hasa kama utarekodi Jumamosi na Jumapili. Kelele ya injini iko kwenye masafa (hezi) yaleyale ya sauti za samaki, na hakuna programu itakayokutenganishia.

3. Weka saa ya kifaa, kisha uiweke tena. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Rekoda kama HydroMoth huandika faili kwa saa za dunia (UTC), ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Faili iliyoandikwa 153000, yaani 15:30:00, ilianza saa 12:30 jioni kwa saa za kwetu. Nahodha naye ataandika "saa tatu" akimaanisha asubuhi, na mwanafunzi atalisoma kama 3:00. Amueni siku ya kwanza: daftarini tunaandika saa za Kiswahili na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, kwenye kompyuta tunatumia mfumo wa saa 24 wa Afrika Mashariki, na jina la faili haliguswi. Tena, ukishaweka saa, usitoe betri. Saa inaweza kupotea na hutajua hadi urudi nyumbani.

4. Weka mipangilio, halafu usiibadilishe tena. Kasi ya sampuli kilohezi 48, yaani sauti ipimwe mara 48,000 kwa sekunde. Faili za WAV, kamwe si MP3, maana MP3 hutupa sehemu za sauti. Zima kichujio cha sauti nzito. Zima marekebisho ya sauti yanayojiendesha yenyewe: hayo hupandisha sauti bahari ikitulia na kuishusha ikichafuka, na ulinganisho wako unakufa hapohapo. Kiwango cha kukuza sauti kiwe cha kati, nawe ukiandike daftarini.

Rekodi dakika 5 kila nusu saa, usiku na mchana. Kwa mpangilio huu, sauti ya chaneli moja ya biti 16 hula takriban GB 1.4 kwa siku, yaani karibu GB 41 kwa mwezi mwandamo mzima. Ndiyo sababu ya kadi ya GB 64. Mwezi mzima ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu samaki wengi wa matumbaweni hutaga kwa kufuata mwezi. Ukirekodi wiki ya bamvua (maji makubwa) huku na wiki ya maji mafu (maji madogo) kule, umelinganisha mwezi, hujalinganisha miamba.

5. Jaribu nchi kavu. Washa kifaa, kizamishe kwenye ndoo ya maji kwa saa moja, gonga ndoo mara tatu kila kifaa kinapokuwa kinarekodi, kisha fungua faili uone milio hiyo imeingia na muda wake ni sahihi. Kagua pete ya mpira ya kuzuia maji: unywele mmoja au punje ya mchanga inatosha kuua kifaa.

6. Toka na haidrofoni yenye waya kwanza. Nenda mahali ulipochagua jioni bahari ikiwa shwari. Mwombe nahodha azime injini kabisa. Kuiacha ikinguruma taratibu hakutoshi. Shusha haidrofoni nusu ya kina, waya ukining'inia kwenye kipande cha mpira wa tairi ili kupanda na kushuka kwa boti kusiuvute. Nanga ya mnyororo inapiga kelele, bora ya kamba. Kila aliyemo aache kukanyagakanyaga na kuburuta ndoo. Sema kwa sauti kwenye rekodi: tarehe, saa, mahali, hali ya maji. Sikiliza angalau dakika 10 kabla ya kuamua kwamba "hakuna kitu", maana sikio linahitaji muda kuzoea.

7. Zamisha rekoda. Funga mzigo chini, kamba fupi, rekoda mita moja juu ya sakafu, na chelezo kidogo mita moja juu yake. Chelezo kibaki ndani ya maji. Boya la juu linaleta matatizo mawili: mawimbi hulitikisa na mtikisiko hushuka kwa kamba hadi kwenye rekoda, halafu linaonekana na kila apitaye. Usitumie pingu wala mnyororo wa chuma popote kwenye kamba hiyo, kwa sababu vitagongana usiku kucha. Mzigo uwekwe kwenye mchanga kando ya mwamba, kamwe si juu ya matumbawe. Chukua GPS, lakini chukua na alama za bara kwa mtindo wa wavuvi: mnara huu umeingia nyuma ya jengo lile, ncha ya kisiwa imefunguka kiasi hiki. GPS ya simu inaweza kukosea mita kadhaa, na kwenye maji yenye tope la mvua za masika mita hizo hutosha kukupotezea kifaa.

Wazamiaji wawe wawili na wawe na cheti. Kusi ikivuma kwa nguvu, ahirisha. Rekoda haitakufa kwa kungoja siku tatu.

8. Opoa, osha, nakili. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kabisa, ndipo ufungue. Nakili kadi mara mbili kwenye diski mbili tofauti kabla ya kufanya chochote kingine. Kisha ondoa faili za wakati rekoda ilipokuwa ikishushwa na kuopolewa.

9. Tazama ndipo usikilize. Fungua faili ya jioni kwenye Audacity, badilisha mwonekano uwe spektrogramu (picha ya sauti, muda ukienda kwa mlalo na masafa kwa wima), na upunguze masafa yaonyeshe 0 hadi hezi 2,000. Ukiacha hadi 24,000, samaki watakuwa mstari mwembamba chini ya kioo na utadhani hawapo.

Juu ya hezi 2,000 utakuta mchatuko usiokoma, kama mafuta ya kukaangia mihogo. Hao ni kamba wadogo wenye gando moja kubwa, ambao hulifyatua kwa kasi mpaka kiputo kinatokea majini na kupasuka. Kila anayeanza huuliza kama kifaa kimeharibika. Hakijaharibika, wingi wa mchatuko huo wenyewe ni taarifa nzuri kuhusu mwamba. Chini yake tafuta milio mifupi ya ko-ko-ko, mikoromo ya mfululizo, na vishindo vizito chini ya hezi 200, ambavyo vinaweza kuwa vya chewa. Mchana utasikia mkwaruzo wa pono wakitafuna mwamba. Filimbi nyembamba za juu ni za pomboo. Kati ya Julai na Oktoba unaweza kubahatika kupata nyangumi wenye nundu, na usiwahesabu kama samaki.

Usikimbilie kutoa majina. Dunia nzima ina spishi za samaki karibu elfu moja tu ambazo sauti zake zimethibitishwa kitaalamu, na tovuti ya FishSounds inazikusanya. Usitarajie kumkuta humo kila aliyeko Soko la Feri. Ziite Sauti A, Sauti B, Sauti C, na uhifadhi mfano safi wa kila moja. Jina litakuja siku mzamiaji atakapomwona samaki akitoa sauti hiyo mbele ya kamera. Ripoti yenye "Sauti B" naiamini kuliko ile iliyojaa majina ya Kilatini ya kubahatisha.

10. Hesabu kwa utaratibu. Jua la Dar huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na miamba mingi huchangamka kwa sauti kuzunguka muda huo na tena alfajiri. Kwa kuanzia, chukua faili zinazoanza saa 12:00, 12:30 na 1:00 jioni za kila siku. Katika kila faili hesabu dakika ya pili tu: Sauti A mara ngapi, Sauti B mara ngapi, injini ipo au haipo. Weka alama kwenye dakika zenye injini na uzitenge. Ukiandika sifuri utakuwa umesema samaki walinyamaza, wakati wewe ndiye hukuweza kuwasikia. Mtu wa pili arudie sehemu ya kazi yako bila kuona majibu yako. Mkitofautiana sana, maelezo yenu ya Sauti A hayajakaa sawa.

Sauti zikijaa mpaka haziwezi kuhesabika moja moja, acha kuhesabu na upime nguvu ya sauti kati ya hezi 100 na 1,000. Hapo ndipo umuhimu wa kifaa kilekile na kiwango kilekile unapoonekana: HydroMoth mbili haziwezi kulinganishwa kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) bila kwanza kuzining'iniza pamoja mahali pamoja.

11. Weka ushahidi wa pili kando. Hesabu za wazamiaji, au takwimu za samaki wanaoshushwa kwenye mwalo wa jirani. TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) na skuli ya sayansi za majini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zote ziko Kunduchi. Omba ushauri mapema, kabla data haijarundikana.

Ukisikia baruti

Mlipuko wa bomu la kuvulia huonekana kwenye spektrogramu kama mstari wa wima unaopasua masafa yote, wenye mkia mzito unaofifia. Mwaka 2015 watafiti waliopita pwani ya Tanzania wakivuta haidrofoni nyuma ya boti walinasa milipuko 318, na zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo usishangae faili yako ikiwa nao. Andika tarehe na saa, hifadhi faili bila kuigusa, toa taarifa kwa ofisi ya uvuvi au MPRU. Haidrofoni moja haiwezi kukuambia mlipuko ulitokea upande gani wala umbali gani, basi usitaje kijiji cha mtu. Na ukiwa ndani ya maji ukausikia kwa masikio yako, toka.

Mambo yakienda kombo

*Mvumo usiobadilika kwenye hezi 50.* Ni umeme. Kompyuta ilikuwa kwenye chaji au jenereta ya boti ilikuwa ikifanya kazi wakati unarekodi kwa waya. Tumia betri.

*Mlio wa kugonga unaojirudia kwa mpigo wa mawimbi.* Kamba au kibano kinagonga kasha. Opoa, funga upya kwa mpira.

*Sauti imekatika vichwa, mawimbi yake ni bapa juu na chini.* Kiwango cha kukuza kiko juu mno. Punguza, na uanze mfululizo mpya. Usiunganishe na wa zamani.

*Sauti nzito zinapanda mara mbili hadi nne kwa siku, na kila siku zinachelewa karibu dakika 50.* Hao si samaki. Ni mkondo wa maji kujaa na kupwa ukipita kwenye kifaa, na wakati wa bamvua huzidi. Angalia jedwali la maji kabla ya kushangilia. Tumia dakika za karibu na maji kusimama, au hamishia kifaa mahali penye kivuli cha mkondo.

*Kila kitu kinapungua taratibu kuanzia wiki ya tatu.* Kagua kama mwani na viumbe vya bahari vimeota juu ya haidrofoni. Zungushia kasha mkanda wa plastiki kabla ya kuzamisha, lakini uache wazi uso wa kusikilizia.

*Faili zipo ila ni tupu, au zimesimama katikati.* Betri, au kadi ya bandia. Kadi za bei ya kutupa zinazojiita GB 128 nyingine hazifiki hata robo. Zijaze faili nyumbani uone.

*Haidrofoni inaonyesha kupungua, wavuvi wanasema msimu ni mzuri.* Waulize wamevua nini. Kama ni dagaa, vibua na nguru, wala hakuna mgongano: hao huwasikii, nao hawakai kwenye mwamba wako. Kama ni changu na chewa, na wamevuliwa palepale ulipoweka kifaa, rudi hatua ya 3 ukague saa, kisha hatua ya 10 uhesabu upya dakika za injini, kabla hujaandika neno "kupungua" kwenye ripoti.